Barua kwa mwanangu: mbwa akichoka, nani mwenye kauli?

Mwanangu Zuhura,

Assalaam aleikum. Sisi hatujambo. Mama yako anaendelea na dawa za presha na miguu haimvimbi tena kama ulivyomwacha. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza, nikamsikilizisha na mama yako, na shangazi yako Mwanaidi naye akausikia kwa kuwa alikuwepo. Kumbe yeye ulikwisha kumwambia zamani. Sawa. Lakini habari ya kazi ya mifugo katika nyumba hii huanza kwa babako, haianzi kwa shangazi.

Nimefurahi, nakwambia mapema usije ukadhani nakuandikia kukuvunja moyo. Mtoto wa afisa mifugo wa Muheza kuajiriwa huko Georgia kumtunza mbwa wa timu ya besiboli, mbwa anayetoka mbio mbele ya umati kuokota gongo la mpigaji na kulirudisha benchini, si jambo dogo. Nimewaeleza wazee msikitini. Waliocheka wamecheka, nimewaacha. Mimi najua ulivyo na mkono wa mnyama tangu mdogo. Ungenisikiliza ukaenda SUA, chuo kikuu cha kilimo pale Morogoro, leo ungekuwa daktari wa mifugo kamili. Ukautaka uhasibu, na sasa mwenyewe umerudi kwa wanyama kwa mlango wa nyuma.

Ninalotaka kukuuliza ni moja tu. Mbwa akichoka, nani mwenye kauli ya kusema leo hatoki? Ni wewe, au ni mwenye uwanja? Umenieleza mshahara, sare, saa za kazi, hata chakula cha mbwa. Hilo hukuligusa.

Nimemsumbua mdogo wako Idrisa anitafutie habari za wanyama wa timu huko Marekani, akawa ananisomea jioni. Mwaka 1916 timu ya Cubs ya Chicago ilikuwa na mtoto wa dubu aliye hai, jina lake Joa, wakamweka kizimbani kando ya uwanja watu wamtazame. Halafu kuna baghala, yule chotara wa punda na farasi, wa Kansas City. Mwenye timu ya Athletics, tajiri Charles Finley, alipewa baghala huyo na gavana wa Missouri mwaka 1965, naye akamwita Charlie-O, jina lake mwenyewe. Akawa anamzungusha uwanjani, anamwingiza kwenye kumbi za hoteli, mpaka chumba cha waandishi wa habari. Timu ilipohamia Oakland mwaka 1968, na baghala akahamishwa, akafa mwaka 1976 akiwa na miaka 20. Uwanja ule wa Kansas City ulikuwa pia na kondoo wakilishwa kwenye mteremko nyuma ya ukuta, na tumbili vizimbani.

Miaka 20 kwa baghala si mibaya, simlaumu mtu. Lakini jina la Finley liko kila mahali, la gavana lipo, la baghala lipo. Aliyeshika kamba, aliyemnywesha maji na kumtoa mawe kwenye kwato, katika yote aliyonisomea Idrisa sikumsikia akitajwa. Huyo ndiye wewe, Zuhura. Siku ya sifa hutatajwa, na siku mnyama akianguka utakuwa wa kwanza kuulizwa. Ndiyo maana nauliza nani mwenye kauli.

Kuna lingine lilimshtua mama yako. Kule St. Petersburg, Florida, timu ya Rays, wakati huo ikiitwa Devil Rays, iliweka tangi la samaki taa walio hai nyuma ya ukuta wa uwanja mwaka 2006, maji lita 38,000 hivi, watu wakawa wanatia mkono kuwapapasa. Taa hawa hawa tunaowaona wakishushwa na wavuvi pale Deep Sea, Tanga, asubuhi. Mwaka 2007 mpigaji Luis Gonzalez akaupiga mpira ukaruka ukuta na kutua ndani ya tangi. Wewe uko majini umetulia, mpira mgumu vile unakushukia kutoka juu, hujui umetoka wapi!

Si kwamba yote ni mabaya. Nimempenda yule mbwa Hank wa Milwaukee. Mwaka 2014 alijitokeza mwenyewe kwenye kambi ya mazoezi ya timu kule Phoenix, amekonda na ana majeraha, wakamtibu, wakampa jina la Hank Aaron, mchezaji mashuhuri wa zamani, wakampatia na nyumba ya kuishi. Yule Chase wa Trenton, New Jersey, alianza kuokota magongo mwaka 2002. Julai 2013 wakamuaga rasmi, na siku chache baadaye saratani ikamuua. Kazi wakairithi mwanawe Derby na mjukuu wake Rookie. Na kule Greensboro jike mmoja mweusi wa labrado, waliyemwita Miss Babe Ruth, alibeba kikapu cha mipira kumpelekea mwamuzi kuanzia 2006 mpaka 2015, wakamstaafisha. Mbwa hafiki miaka hiyo uwanjani ila nyuma yake yuko mtu anayejua kusema basi.

Sasa nisikilize kama mtaalamu. Julai ya Georgia ina joto na unyevu, haiko mbali na Tanga ya Februari, na mechi nyingine huchezwa mchana. Mbwa hatoki jasho mwilini kama wewe. Ana kidogo tu kwenye nyayo, joto lililobaki analitoa kwa kuhema. Hewa ikiwa nzito kwa unyevu, kuhema hakumsaidii sana. Joto lake la kawaida ni kati ya nyuzi 38 na 39. Likipita 41 unaweza kumpoteza palepale. Usingoje kipimo. Mfunue mdomo umtazame ufizi: ukiwa wa waridi na unateleza kwa unyevu, yuko salama. Ukiona umeiva wekundu, mate yamekuwa mazito ya kuvutika, na miguu ya nyuma inapishana, mtoe hapo hapo. Mmwagie maji ya kawaida tumboni, mapajani kwa ndani na kwenye nyayo, umpepee. Usimtumbukize kwenye barafu. Na kabla hajatoka, weka mgongo wa kiganja chako juu ya ardhi uhesabu polepole mpaka saba. Ukishindwa kuvumilia, na yeye hawezi. Kama uwanja wenu ni wa nyasi bandia, zidisha tahadhari, maana zile hupata joto kuliko majani ya kweli.

Tazama na kinywa chake baada ya kila mechi. Wachezaji hupaka lami ya msonobari kwenye mpini wa gongo ili lisiwateleze, na mbwa anaushika kwa meno. Benchini wanatema bigijii na maganda ya mbegu za alizeti. Bigijii zisizo na sukari, nyingi zina zailitoli, kitu cha kutia utamu badala ya sukari, na hiyo kwa mbwa ni sumu ya kuua. Pita uokote kabla yeye hajaokota.

Na fataki za baada ya mechi, awe ameshaondoka uwanjani kabla hazijawashwa.

Yote haya utayafanya, sina shaka. Shaka yangu ni siku watu wameshakata tiketi, watoto wameletwa kumwona mbwa, mtangazaji ameshamtaja jina, na wewe umeona ufizi haukupendezi. Wewe mgeni, kazi ngeni, mkubwa wako amekukazia macho. Utathubutu? Yule fahali wa maonyesho ya wakulima unamkumbuka, ulikuwepo, huna haja ya kusimuliwa. Uliona jinsi mgeni rasmi alivyochelewa, na uliona nani aliyekuwa na cheo cha kusema mnyama apelekwe kivulini, akanyamaza.

Kwa hiyo usikubali maneno ya mdomo. Iandikwe kwenye mkataba kwamba mtunzaji ndiye mwenye uamuzi wa kumzuia mbwa asitoke kwa sababu ya afya yake, na kwamba hatakatwa mshahara wala kuachishwa kazi kwa hilo. Waulize pia daktari wa mbwa ni nani, na kama anakuwepo siku za mechi za mchana. Wakikataa kuandika, nipigie kabla hujatia saini.

Shangazi yako yeye wasiwasi wake ni mate ya mbwa na swala. Nimemwambia masharti ya kuosha unayajua toka madrasa, na nguo za kazi utazitenga na za kuswalia. Hakuridhika. Mpigie mwenyewe umtulize, maana mimi ananisumbua kila akija.

Huku nyumbani yule mtamba mwekundu ameshika mimba, daktari wa kata amempima. Namlisha majani ya lukina na pumba, ila pumba zimepanda bei. Idrisa anajiandaa na mtihani wa kidato cha nne, hesabu bado zinamtoa jasho. Ungemsaidia kwa simu Jumapili kama zamani. Jirani amekata mnazi wa mpakani bila kuuliza, tumelifikisha kwa mwenyekiti wa mtaa. Hela uliyotuma ya mabati ya jiko la uani ipo, sijaigusa. Fundi anasema na boriti mbili zimeliwa na mchwa, kwa hiyo hesabu itaongezeka kidogo, nitakuambia.

Mama yako anasema uvae kofia, na ule. Mimi nangoja lile jibu. Piga picha ukurasa wa mkataba unaoeleza kazi yako uutume kwenye simu ya Idrisa, yangu kioo kimepasuka, maandishi madogo siyaoni.

Wasalaam,
Babako