Kaka Juma: nani hasa anayekataliwa kwenye seva yako

Kaka Juma,

Salaam sana, na pole kwa kukesha na hiyo seva. Maelezo yako nimeyasoma mara mbili. Programu ya risiti inafunguka vizuri, mhasibu anajaza, akibonyeza kuhifadhi inamrudishia "Access to the path 'C:\inetpub\wwwroot\Mauzo\Risiti' is denied." Wewe ukiingia kwenye seva hiyohiyo kwa akaunti yako unaandika humo bila shida. Ukampa Everyone, yaani kundi la kila mtu, ruhusa zote, ikakubali, na sasa unauliza kama uiache hivyo.

Usiiache. Ulichofanya ni kung'oa mlango kwa sababu hukujua nani alikuwa anabisha. Tangu jana, kila tovuti nyingine iliyoko kwenye seva hiyo, kila huduma na kila mtu mwenye akaunti anayeweza kuifikia folda ile anaweza kusoma risiti za wateja wenu, kuzibadili na kuzifuta.

Wewe kuweza kuandika humo hakuthibitishi chochote. Anayeandika risiti si wewe, wala si mhasibu. Ni mchakato uitwao w3wp.exe, na kila tovuti ndani ya IIS, programu ya Windows inayotoa tovuti, huendeshwa na w3wp.exe kwa niaba ya Application Pool yake, yaani chumba chake cha kuendeshewa. Tangu IIS 7.5, ile iliyokuja na Windows Server 2008 R2, kila Pool kwa kawaida hutumia akaunti yake ya kufikirika, yenye jina kama IIS AppPool\Mauzo. Haina nenosiri, huioni kwenye orodha ya watumiaji, lakini ni mtu kamili mbele ya NTFS, mfumo wa mafaili wa Windows unaotunza ruhusa. Na ruhusa za wwwroot zinampa mtu huyo kusoma na kuendesha tu, kwa kuwa yumo kwenye makundi ya Users na IIS_IUSRS. Kuandika hakupewa. Kwa hiyo seva yako haikukosea, ilifanya kazi yake.

Basi anza hivi. Hifadhi kwanza ruhusa zilivyo sasa kwa icacls, amri ya Windows ya kuona na kubadili ruhusa, ukiwa kwenye dirisha la amri ulilolifungua kama admini:

icacls "C:\inetpub\wwwroot\Mauzo" /save C:\nakala\mauzo.acl /T

Folda ya C:\nakala iwepo kabla. Na ukija kurudisha, usielekeze kwenye folda yenyewe bali kwenye mzazi wake, kwa sababu ndani ya faili hilo majina yameandikwa kuanzia "Mauzo":

icacls "C:\inetpub\wwwroot" /restore C:\nakala\mauzo.acl

Hapo wengi hukwama wakidhani nakala imeharibika, kumbe wameielekeza hatua moja chini mno.

Kisha mwondoe Everyone:

icacls "C:\inetpub\wwwroot\Mauzo\Risiti" /remove:g Everyone

Halafu hamisha risiti zitoke ndani ya tovuti kabisa. Data inayoandikwa na programu haina sababu ya kukaa mahali ambapo IIS inaweza kuigawa kwa kivinjari, au mbaya zaidi kuiendesha, mtu akipenyeza faili la .aspx, lenye msimbo unaoendeshwa na seva, badala ya PDF. Tengeneza D:\Data\Risiti, badilisha njia kwenye mipangilio ya programu, kisha mpe ruhusa yule mmoja tu:

icacls "D:\Data\Risiti" /grant "IIS AppPool\Mauzo:(OI)(CI)M"

Herufi M ni kusoma, kuandika na kufuta, bila uwezo wa kubadili ruhusa zenyewe. Full Control, yaani ruhusa zote, programu haihitaji. Zile OI na CI ndizo zinazofanya mafaili na folda za ndani zirithi. Ukizisahau, amri itapita bila kulalamika, ruhusa itakaa kwenye folda ya juu peke yake, na programu inaweza kukwama ikijaribu kubadili risiti za zamani zilizoko ndani.

Ukipendelea kutumia dirisha la kawaida la Security, jina hilo ulichape lote, IIS AppPool\Mauzo, na kwenye Locations uchague seva yenyewe. Seva ikiwa imeungwa kwenye domeni, yaani mtandao wenye orodha moja ya watumiaji, dirisha hulitafuta jina kwenye domeni na kukwambia halipo. Lipo, ila umelitafutia nyumba ya jirani. Na jina ni la Pool, si la tovuti. Mara nyingi hufanana, siku yasipofanana utapoteza saa nzima. Pool ikibadilishwa jina, utambulisho wake nao hubadilika, na ruhusa za zamani hubaki zikionyesha namba ndefu inayoanza na S-1-5-82.

Angalia pia mtego wa D yenyewe. Diski mpya iliyofomatiwa kwa NTFS kwa kawaida huja ikiwaruhusu Users kusoma na kuunda mafaili na folda mpya, lakini si kubadili yaliyowekwa na wengine. Ndiyo maana utakuta programu inayotengeneza risiti mpya vizuri siku nzima, halafu inakataliwa ikitaka kuandika juu ya mafaili uliyoyanakili wewe kutoka seva ya zamani. Ukiona kosa linalochagua mafaili namna hiyo, tazama mwenye faili ni nani kabla ya kugusa msimbo.

Sasa, kujua nani anaomba nini bila kubahatisha. Pakua Process Monitor ya Sysinternals kutoka Microsoft, iendeshe kama admini, weka vichujio viwili: Process Name ni w3wp.exe, na Result ni ACCESS DENIED. Futa yaliyokwisha kukusanywa, mwambie mhasibu arudie kosa, kisha simamisha mara moja. Usiiache ikikusanya usiku kucha. Itakula kumbukumbu ya seva. Bonyeza mara mbili mstari unaohusika na usome vitu vitatu: njia, Desired Access (ruhusa iliyoombwa), na akaunti iliyoomba. Pakiwa na neno Impersonating, hilo ndilo jina la kulifuata, kwa sababu wakati huo mchakato ulikuwa umevaa sura ya mtu mwingine. Usishtuke ukikuta mistari mingi ya kukataliwa wakati programu inafanya kazi. Programu nyingi huomba kikubwa kwanza, zikinyimwa huomba kidogo na kuendelea. Unayemtafuta ni mstari wa mwisho kabla kosa halijamfikia mtumiaji.

Na si kila "Access is denied" ni suala la ruhusa. Faili lenye alama ya kusomwa tu hukataa kuandikwa hata na mwenye Full Control. Attrib -R huiondoa. Msimbo ukipewa njia ya folda mahali palipotarajiwa faili, Windows hujibu kosa lilelile namba 5, na .NET hutupa UnauthorizedAccessException kana kwamba umenyimwa. Angalia ujumbe wako vizuri: unataja folda ya Risiti, hautaji faili. Hilo linaweza kuwa kawaida tu, lakini mwambie mwandishi wa programu ahakikishe jina la faili haliji tupu. Faili lililoshikwa na programu nyingine, kwa upande wake, hutoa kosa namba 32, na hilo ruhusa haziwezi kulitibu.

Ukipandisha toleo jipya la programu kuna balaa jingine. Mtu huifungua zipu kwenye Desktop yake, kisha anaikata na kuibandika kwenye C:\inetpub\wwwroot. Ndani ya diski moja, kuhamisha hubeba ruhusa za kule ilikotoka, yaani za Desktop ya mtu binafsi. Kunakili ndiko kunakorithi ruhusa za inakofika. Matokeo yake ni kosa 500.19 lenye 0x80070005, IIS ikilalamika haiwezi kusoma web.config, au 401.3 kwenye picha na mafaili ya mitindo ya kurasa. Dawa:

icacls "C:\inetpub\wwwroot\Mauzo" /reset /T

Amri hii huirudisha folda nzima kwenye kurithi, hivyo hufuta pia ruhusa za pekee ulizozitoa ndani yake. Ni sababu nyingine ya risiti kukaa D. Na hiyo 401.3 ina jambo lake: mgeni asiyeingia kwa jina husomewa mafaili ya kawaida kwa akaunti ya IUSR, si ya Pool. Kwenye Anonymous Authentication ya tovuti, chagua itumie utambulisho wa Application Pool, na utabaki na akaunti moja ya kuifuatilia badala ya mbili.

Ulisema mna mpango wa kuzipeleka risiti kwenye seva ya mafaili. Hapo mchezo unabadilika. IIS AppPool\Mauzo haijulikani nje ya mashine yake. Ikitoka kwenye mtandao hujitambulisha kwa akaunti ya kompyuta, tuseme KAMPUNI\SRV-APP1$, na alama ya dola mwishoni ni sehemu ya jina. Huyo ndiye wa kupewa ruhusa, mara mbili: kwenye folda iliyoshirikishwa na kwenye NTFS. Zikitofautiana, ile kali zaidi ndiyo inayotawala. Kwenye seva ya mafaili, ndani ya PowerShell:

Grant-SmbShareAccess -Name Risiti -AccountName 'KAMPUNI\SRV-APP1$' -AccessRight Change

icacls 'E:\Risiti' /grant 'KAMPUNI\SRV-APP1$:(OI)(CI)M'

Tumia alama za nukuu za mkato mmoja kama nilivyoandika. Ndani ya nukuu mbili PowerShell huichukulia dola kuwa ni mwanzo wa jina la kigezo. Kwenye dirisha la Security itabidi ufungue Object Types na kuweka tiki kwenye Computers, kwani kwa kawaida kompyuta hazitafutwi. Usitegemee Z: uliyoiunganisha ukiwa umeingia wewe, herufi hiyo ni ya kikao chako, Pool haiioni. Andika njia kamili ya \\seva\folda. Kwa hali yenu nisingeigusa akaunti ya kompyuta ikiwa seva hiyo ina tovuti zaidi ya moja, maana zote zitatoka kwa jina hilohilo. Ningeomba kwa msimamizi wa domeni akaunti ya gMSA, yaani akaunti ya huduma inayosimamiwa na domeni, iliyoanza na Windows Server 2012. Nenosiri lake domeni hulibadilisha yenyewe, kila baada ya siku 30 usipoweka vingine, na hakuna binadamu anayelijua.

Hifadhidata hufuata kanuni hiyohiyo. SQL Server ikiwa mashine moja na IIS, anayegonga ni IIS APPPOOL\Mauzo. Ikiwa mashine nyingine, ni SRV-APP1$. Jina limeandikwa ndani ya ujumbe wa "Login failed for user", lisome badala ya kulikisia. Ukiona limeandikwa NT AUTHORITY\ANONYMOUS LOGON, programu ilijaribu kubeba utambulisho wa mtumiaji hadi seva ya pili na ukapotea njiani. Hapo tatizo ni Kerberos, mfumo wa domeni wa kuthibitisha utambulisho kwa tiketi, na ruhusa za folda ziache. Na nakala ya hifadhidata ikikwama kwa "Operating system error 5", usijipe ruhusa wewe unayeandika BACKUP. Anayeandika diskini ni huduma yenyewe, kwa usakinishaji wa kawaida NT SERVICE\MSSQLSERVER.

Cheti nacho. Programu ikisoma cheti chenye ufunguo wa siri na kupata "Keyset does not exist", mara nyingi ufunguo upo ila Pool hairuhusiwi kuusoma. Fungua certlm.msc, bonyeza cheti kwa kitufe cha kulia, All Tasks, kisha Manage Private Keys, umpe Read. Cheti kikihuishwa kwa ufunguo mpya, itabidi uitoe ruhusa hiyo upya. Iandike kwenye daftari la kazi za cheti, maana mwaka ukizunguka utakuwa umesahau.

Ukimwingiza mtu kwenye kundi na bado anakataliwa, usianze kuongeza ruhusa. Uanachama wa makundi husomwa wakati akaunti inapoingia. Izime Pool na kuiwasha, au huduma. Kwa akaunti ya kompyuta, washa seva upya, au ufute tiketi zake kwa klist -li 0x3e7 purge kama huwezi kuizima mchana.

Na lile dirisha linalokwambia huna ruhusa ya kufungua folda, likikupa kitufe cha Continue: ukikibonyeza, Windows hukuandika wewe binafsi kwenye ruhusa za folda ile, na hubaki hapo. Kagua kwa icacls kama jina lako halijatapakaa, uliondoe kabla hujafunga kazi.

Fanya ya Everyone leo, ya D kesho asubuhi kabla mhasibu hajaingia. Ukikwama nitumie mstari mmoja wa Process Monitor, ule wenye akaunti na Desired Access. Picha ya kosa la kwenye kivinjari haitanisaidia.

Nisalimie nyumbani.

Wako,
Hamisi