Siku tano bila chai

Tabata, Dar es Salaam
Jumapili usiku

Mwanaidi shoga yangu,

Asalaam aleikum. Huku hatujambo, watoto wanasoma, na goti langu siku hizi linaniruhusu kupanda ngazi bila kugombana nalo. Ujumbe wako wa sauti wa dakika nne nimeusikiliza mara mbili, mara ya kwanza jogoo wako alikuzidi nguvu. Unataka kujua kama ile kambi ya kusafisha mwili niliyokwenda Bagamoyo ina ukweli wowote au ni watu wanaliwa hela tu, maana na wewe umeshatumiwa tangazo na umeanza kuweka akiba. Nilianza kukujibu kwenye simu, nikaona vidole vimechoka kabla sijafika siku ya pili. Basi tafuta pa kukaa.

Jibu lenyewe nakupa kabisa: wewe usiende. Mimi nilikwenda, na sijutii sana. Yote mawili nitakueleza.

Unanijua nilivyokuwa. Chai ya asubuhi vijiko vinne vya sukari, chai ya saa nne na chapati mbili kwa mama ntilie wa karibu na ofisi, chai ya saa kumi, usiku wali na chochote kilichokaangwa. Nikimaliza kula tumbo linawamba kama ngoma. Mwezi wa tatu walinipima presha ikasoma 148 kwa 94. Daktari akaniambia nipunguze chumvi na uzito kwanza, nirudi baada ya miezi mitatu. Nikatoka pale nina hamu ya kufanya jambo kubwa. Kupunguza chumvi ni jambo dogo mno, utamsimulia nani? Ndipo tangazo likanikuta: siku tano, mimea mitupu, mwongozaji mwanamke, nyumba karibu na bahari, shilingi 380,000 pamoja na malazi. Nikaichomoa hela ya mchezo. Na ni mimi huyu huyu, Mwanaidi, niliyewacheka watu mwaka 2011 walipofunga safari mpaka Loliondo kunywa kikombe cha Babu cha shilingi 500.

Nilipanda Coaster pale Makumbusho. Tulikuwa wanawake kumi na mmoja, vyoo viwili. Hesabu hiyo ya vyoo usiisahau. Mwongozaji ni binti wa miaka kama thelathini, mpole, ngozi inang'aa, mwenyewe alitaka aitwe Kochi. Chumbani nilipangwa na Mama Kulwa, muuguzi mstaafu wa Morogoro. Yeye alilipiwa na bintiye kama zawadi ya kutimiza miaka sitini na tano, na mpaka anashuka garini alidhani kaletwa kutembezwa magofu ya Kaole.

Siku ya kwanza ni vinywaji tu, ya pili vinywaji na supu ya boga, ya tatu matunda na mboga mbichi, ya nne na ya tano chakula cha kupikwa. Marufuku chai, kahawa, sukari, ngano, nyama, samaki, mayai, maziwa na kukaanga. Saa kumi na mbili asubuhi unapewa maji ya uvuguvugu yenye ndimu na tangawizi, kisha kijiko cha unga wa mlonge unaokwama kooni kama pumba. Halafu mnatoka kutembea ufukweni.

Sasa sikiliza la siku ya kwanza, maana ndilo lililonifanya nikuandikie. Tulikuwa na dada mmoja ana sukari kama wewe. Asubuhi alimeza vidonge vyake kama kawaida, kisha mpaka saa tisa alasiri hakuwa ametia tumboni kitu ila juisi ya tango na mchicha. Tumekaa mikekani tunafundishwa kupumua. Nikaona kanga yake imelowa mgongo mzima, na upepo wa bahari unavuma kweli kweli. Mikono inamtetemeka. Kochi akasema, "Sumu zimeanza kutoka, mwacheni apumue." Mama Kulwa hakubishana naye. Alimsogelea yule dada akamwuliza mwanawe wa kwanza anaitwa nani. Dada akamtazama tu. Basi mstaafu yule akainuka kwa kasi ambayo magoti yake hayakuwa nayo asubuhi, akauliza sukari iko wapi. Nyumba nzima hamna sukari! Asali? Hamna. Mwisho tukamkuta mlinzi getini na soda yake ya chungwa, ameshaifikisha nusu. Akanyang'anywa. Yule dada bado alikuwa anaweza kumeza, akanyweshwa taratibu, na baada ya robo saa akatuuliza mbona tunamkodolea macho.

Mlinzi alidai soda yake mpaka tunaondoka.

Usiku tukiwa kitandani Mama Kulwa akanifafanulia. Kidonge kama glibenklamidi kazi yake ni kulikamua kongosho litoe insulini, liwe limekuta chakula au halijakuta. Usipokula, sukari ya damu inaporomoka mpaka ubongo wenyewe unakosa. Metformini peke yake si kali kiasi hicho. Wewe unameza vyote viwili. Najua kwa sababu mwaka jana nilikununulia mimi pale Kariakoo. Ndiyo maana nikakwambia usiende.

Siku ya pili ikawa zamu yangu. Kichwa kiliniamka kabla yangu. Kinagonga nyuma ya macho, kila mwanga ni adui. Kochi akanipapasa bega, akasema hizo ni sumu zinatoka, nifurahi. Mama Kulwa kutoka upande wa pili wa chandarua: "Si sumu inayotoka, ni chai inadai chake." Nikacheka huku naumia, maana ni kichwa kile kile cha siku mbili za kwanza za Ramadhani, ambacho wewe hukimaliza kwa kulala na mimi kwa kugombana na watu. Mwili uliozoea kafeini ukinyimwa, haifiki siku nzima kichwa kinaanza, na siku ya pili ndiyo huwa kali.

Hapo nikamwuliza Kochi, sumu gani hasa? Akasema za vyakula vya kisasa, za hewa, za mawazo. Nikamwomba anitajie hata moja kwa jina. Akanipa juisi.

Mama Kulwa ndiye aliyenipa somo, tena bila kulipwa. Figo zako, alisema, zinachuja maji ya damu kama lita 180 kwa siku, karibu yote zinayarudisha mwilini, zinakutolea mkojo wa lita moja na nusu au mbili hivi. Usiku na mchana, sikukuu na msiba. Ini nalo limekaa upande wa kulia linapokea kila ulichokula, kila kidonge ulichomeza, linakishughulikia. "Sasa wewe unataka kijiko cha mlonge kiende kuzifundisha kazi?" Mlonge hakuukataa, angalia. Anausifu kama mboga. Anachokataa ni kuupa cheo.

Jioni hiyo tukaletewa chai. Tulishangilia mpaka Kochi akaona haya. Ilikuwa "chai ya majani ya kulala vizuri na kulainisha tumbo". Mama Kulwa akainusa, akaichungulia kikombeni, akairudisha mezani. Mimi nilikunywa mbili. Saa nane usiku nikajua kwa nini kairudisha: sanamaki, shoga yangu! Ile ile bibi zetu walikuwa wakituchemshia tukishindwa kupata choo, na hawakuthubutu kutupa zaidi ya robo kikombe. Wanawake kumi, vyoo viwili, taa ya koridoni haiwaki. Sitaendelea. Asubuhi watu wakaulizana uzito, kila mmoja kapungua, na furaha ikarudi nyumbani. Maji tu yale, na madini yake. Mtu akiifanya sanamaki mazoea, utumbo unazubaa na chumvi ambazo moyo unazihitaji zinaondoka na maji. Lililoniudhi si sanamaki yenyewe. Ni kunyweshwa kitu bila kutajiwa jina lake.

Siku ya tatu palitokea mawili. La kwanza ni kelele kutoka chooni: mwenzetu ameona mkojo mwekundu, analia, anaomba apigiwe mumewe. Ilikuwa ile juisi ya bitiruti ya jana yake. La pili lingeweza kuwa baya. Kochi aliingia jikoni na fungu la kisamvu kibichi, anataka kukitia kwenye blenda pamoja na nanasi. Pale jikoni tulikuwa watano, na wote watano tulisema "Hapana!" kwa pamoja kama kwaya. Mtoto wa pwani gani hajui kuwa kisamvu hutwangwa na kuchemshwa mpaka kikasalimu amri? Kina sayanidi kile. Tumelipa ili tutolewe sumu, angetuongezea ya kwetu wenyewe. Kumbe hayo mapishi kayatoa mahali wanakotumia majani ya aina nyingine, yeye akaona kijani ni kijani. Baada ya hapo akawa mpole zaidi, akaanza kumwuliza Mama Kulwa kabla ya kuwasha mashine. Mimi nilimpenda kuanzia siku ile, nikwambie kweli. Mtu anayekubali kurekebishwa mbele ya wateja wake si mbaya.

Na soko la samaki, je? Bagamoyo wanakaanga palepale pwani, makarai yanachemka, moshi unakufuata hadi ndani ya ushungi. Tulipita pale tumenyamaza kama watu wanaotoka kuzika. Mkaangaji mmoja akatuita, "Karibuni wateja!" Mwenzetu mmoja akasimama. Hakununua, hakusema neno, alisimama tu macho kwenye karai, mpaka Kochi akarudi akamshika mkono.

Sasa nikupe na uzuri wake, nisije nikaonekana nimekwenda kuhesabu makosa. Siku ya nne niliamka mwepesi. Kichwa kimeondoka, tumbo limelala. Tukaingia jikoni wote kupika: choroko kwa tui jepesi, mchicha wenye nyanya na kitunguu bila hata tone la mafuta, viazi vitamu, bamia. Nilikata karoti, nikatafuna kipande, nikadhani mtu kaipaka sukari. Miaka mingapi sijasikia ladha ya karoti? Simu zilikuwa zinakusanywa saa mbili usiku, saa tatu tumelala. Mchana tulikaa barazani tunachambua mboga na kusimuliana maisha, mwanamke mmoja akatueleza jambo ambalo hata dadake halijui. Nafikiri nusu ya kilichonitibu ni usingizi huo na baraza hiyo, nusu ya pili ni sukari na chumvi nilizoziacha. Kochi anasema ni mlonge. Sawa.

Mizani ya siku ya mwisho ilisema nimepungua kilo tatu na nusu. Nilipiga picha. Siku tisa baadaye kilo mbili na nusu zilikuwa zimesharejea, na sikuwa nimefanya fujo yoyote. Mama Kulwa alinitahadharisha mapema: akiba ya wanga tunayoiweka kwenye ini na misuli, kila gramu yake imeshika kama gramu tatu za maji. Ukifunga chakula akiba inaliwa, maji yanaondoka nayo. Ukila wali, vyote vinarudi. Kilo moja iliyobaki hiyo ndiyo ya kwangu.

Presha wamenipima juzi, 136 kwa 86. Nani wa kupewa sifa, sijui, maana tangu nirudi naweka kijiko kimoja cha sukari, chumvi nimeacha kuiweka mezani, na natembea kutoka Relini hadi nyumbani. Usiku mara nne kwa wiki nakula choroko au kunde na majani. Dagaa nimewarudisha. Mama Kulwa kasema vitamini B12 haimo kwenye majani, na mimi sikubishana, nilikuwa natafuta ruhusa.

Kwa hiyo hizo hela ulizoanza kuweka, ziache zilale. Kliniki yako ni lini? Nenda uwaambie wazi unataka kula mimea zaidi na kupunguza wanga, wakuangalizie vidonge, hasa hicho cha kukamua kongosho. Usikipunguze mwenyewe, nakujua. Na popote utakapokuwa, weka pipi mbili kwenye pochi. Yule dada siku hizi anatembea nazo, tunaongea naye kila Ijumaa.

Nimekufungia mzigo, unakuja na basi la kesho asubuhi, uupokee stendi ya Kange. Mna choroko kilo tatu, mbegu za mchicha, na kopo la mlonge. Hilo kopo usilifungue kabla hujamwuliza daktari, maana nao husemwa unashusha sukari. Ule mfuko mweusi wa juu si wako, ni ubuyu wa watoto, na nimeuhesabu.

Nisalimie shemeji.

Wako,
Zuhura