Mama Padri alikuwa na jina lake

Ndugu Mhariri,

Nimesoma gazeti lako kwa zaidi ya miaka 30 bila kukuandikia hata mstari mmoja, ikiwa ni pamoja na nyakati ambapo habari za huku kusini zilibanwa chini ya tangazo la mnada. Habari yenu ya mazishi ya mjane wa padri wa Anglikana hapa Masasi, iliyotoka wiki mbili zilizopita, imenishinda kuinyamazia.

Bila shaka mnaikumbuka, maana mliipa karibu nusu ukurasa. Mlieleza kwamba misheni ya Masasi ilianzishwa mwaka 1876, Askofu Steere alipowaleta kutoka Unguja watu waliokombolewa utumwani. Mkaeleza kuundwa kwa dayosisi mwaka 1926, pamoja na Askofu Lucas na jando lake la Kikristo. Mkaongeza kwamba marehemu padri alipata upadri wake enzi za Askofu Trevor Huddleston, aliyekuwa hapa kuanzia 1960 hadi 1968. Viongozi waliohudhuria mliwataja wote, kila mmoja na cheo chake. Hayo yote ni kweli na sina ugomvi nayo. Lakini aliyekuwa ndani ya jeneza mlimwita “mke wa padri” mara tatu na “mjane huyo” mara mbili, na jina lake halimo, si katika kichwa cha habari wala chini ya picha. Nilirudia kusoma huku nikifuatisha mistari kwa kidole, nikidhani macho yangu ndiyo yaliyoliruka.

Mimi nimekulia jirani na nyumba ya padri. Mwaka 1964, vita vilipoanza ng'ambo ya Ruvuma na wakimbizi wa Msumbiji wakaanza kuvuka kuja kwetu, kabla wengi wao hawajapelekwa makazi ya Rutamba, niliwaona wakilala kwenye baraza ile huku mama huyu akiwagawia uji kwa zamu. Miaka miwili baadaye, usiku wa mvua, mama yangu mzazi alishikwa na uchungu. Baba alikuwa kibarua bandarini Mtwara, kijito kilikuwa kimefurika, na kufika hospitali ya Mkomaindo kusingewezekana. Mama Padri alikuja peke yake na taa ya chemli, wembe mpya ukiwa bado ndani ya karatasi yake, na kanga mbili. Kulipopambazuka, mdogo wangu akiwa tayari amezongwa kanga, aliketi kizingitini, akafungua daftari lenye jalada la bluu, akaandika. Nilichungulia begani kwake. Saa tisa usiku, mtoto wa kiume, mvua kubwa. Kisha likafuata jina la mwanamke nisiyemjua. Nilipomwuliza ni nani, alinijibu kwamba huyo ndiye mama yangu, akanitamkisha jina lile mara mbili. Nilikuwa na miaka kumi na sikuwahi kulisikia, kwa sababu mtaani mama aliitwa kwa jina la kaka yangu na kanisani aliitwa mke wa baba yangu.

Madaftari hayo yako 11, nami ndiye niliyekabidhiwa na wanawe. Ndani yake wamo wanawake waliojifungua, watoto waliozikwa na wagonjwa waliohitaji kubebwa. Wamo pia wakimbizi wale wa barazani, pamoja na idadi ya watoto wao. Mwaka wa njaa aliandika ni nani aliyekwenda porini kuchimba ming'oko, vile viazi mwitu vya huku kusini, na ni nani aliyerudi mikono mitupu, ili jioni ajue unga kidogo uliopo aupeleke nyumba ipi. Hakuna mwanamke hata mmoja katika kurasa hizo aliyeandikwa kwa jina la mumewe.

Siku ya mazishi nilikuja na madaftari mawili mkobani. Nilimfuata mwandishi wenu alipokuwa ameketi chini ya turubai la wageni, nikamsalimu, nikamwonyesha. Hakunyoosha mkono kuyapokea. Alisema, “Mama, nikipata nafasi nitayaangalia, kwa sasa nahitaji orodha ya viongozi.” Orodha alipewa, nafasi hakuipata, na kaburi lilikuwa halijafukiwa alipopanda gari na kuondoka. Wala si yeye peke yake wa kulaumiwa, maana siku hizi mazishi yenyewe tunayapanga kwa namna ya kumfanya mwandishi aamini kuwa habari iko chini ya turubai. Salamu za rambirambi zilichukua saa moja na dakika arobaini, nilitazama saa yangu, na kila aliyesimama alianza kwa kuwatambua waliosimama kabla yake. Wasifu wa marehemu ulisomwa kwa dakika nne, na dakika mbili kati ya hizo zilimhusu mumewe, ambaye tulimzika na kumsifu ipasavyo miaka 19 iliyopita. Kina mama waliomwosha, waliokesha naye siku zake za mwisho, waliokuwa kwenye moshi nyuma ya nyumba wakisonga ugali wa msiba tangu alfajiri, hakuna aliyewapelekea kipaza sauti. Wao ndio waliokuwa na habari. Mmoja wao alitembea kutoka kijiji cha mbali kwa sababu jina lake limo katika daftari la tatu, na alitaka kumwaga mchanga kwa mkono wake. Hakupata, kwa kuwa wakati wa kumwaga mchanga ulitengwa kwa waliotajwa kwenye ratiba.

Ninachoomba ni hiki. Chapisheni habari nyingine, katika ukurasa uleule, na majina yake matatu yaandikwe kwa ukubwa wa herufi mliompa mgeni rasmi. Majina hayo nimeyaweka ndani ya bahasha hii kwenye karatasi ya pekee, nimeyaandika kwa herufi kubwa ili asikosee mtu. Katika barua yenyewe sikuyataja kwa makusudi, kwani sitaki yatokee gazetini kwa mara ya kwanza katikati ya malalamiko yangu. Mtumeni mwandishi yuleyule. Aje siku isiyo na shughuli, asipitie ofisi yoyote, afike kwangu moja kwa moja saa tatu asubuhi. Atayakuta madaftari yote mezani. Aanze na lile la 1966, ukurasa wa usiku ule wa mvua, na akifika kwenye jina la mama yangu alitamke kwa sauti, mara mbili.

Mwalimu mstaafu,
Masasi, Mtwara.