Shukrani kwa fundi aliyeiokoa ramani ya Philadelphia

Tunamshukuru hadharani fundi wa karatasi aliyeomba tusimtaje jina. Nakala yetu ya zamani ya ramani ya Philadelphia, ile aliyoichora Thomas Holme, mpimaji ardhi mkuu wa William Penn, mwanzilishi wa mji huo wa Marekani, ikachapishwa London mwaka 1683, ilikuwa imebandikwa kwenye kitambaa na kupakwa vanishi. Vanishi ikizeeka hugeuka kahawia na kukakamaa; ukiikunjua ramani, karatasi inakatika.

Hakukimbilia maji. Kwanza aliijaribu kila rangi kwa pamba yenye unyevu, maana rangi za mkono huchuja. Akafuta vumbi kwa brashi laini, kisha akaitoa vanishi kwa spiriti, kipande kwa kipande, mpaka viwanja vinne vya mji, kila kimoja ekari 8, na kile cha kati cha ekari 10 vikaonekana wazi. Kitambaa alikibandua taratibu akikilaza sambamba na karatasi. Kukivuta kwenda juu kungeipasua. Mipasuko aliiziba kwa karatasi nyembamba ya Kijapani na gundi ya wanga wa ngano, ambayo hutoka kwa maji siku ikihitajika. Selotepu, jamani, haitoki hivyo: gundi yake hupenya na kuacha doa.

Malipo aliyakataa. Mungu ambariki. Mwenye ramani ya aina hii asiikunje. Ailaze bapa ndani ya karatasi isiyo na asidi.