Waogiek wapewe hati yao ya ardhi Mau

Mhariri,

Kila masika yakikaribia, malori ya miche hupita hapa Njoro yakipanda kuelekea Msitu wa Mau. Siupingi upanzi wa miti. Taifa limejiwekea lengo la miti bilioni 15 kufikia 2032, na mimi mwenyewe nimepanda. Ninachouliza ni nani anayebaki kuitunza miche hiyo hotuba zikiisha.

Mimi hulima sukumawiki na karoti kando ya Mto Njoro, unaotoka Mau Mashariki na kuingia Ziwa Nakuru. Nilipoolewa huku, Januari yote tulichota maji bila wasiwasi. Siku hizi kiangazi kikikaza, pampu inavuta matope. Mvua ikinyesha, mto unashuka kwa kishindo, maji rangi ya chai ya maziwa, unazoa mboga za ukingoni, kisha siku chache baadaye umekonda tena. Huko juu kulikokuwa na msitu, hakuna tena cha kuyashika maji.

Ndiyo maana nawatetea Waogiek, jamii iliyoishi ndani ya Msitu wa Mau tangu jadi kwa kuwinda na kurina asali, ingawa mimi si mmoja wao. Mzee ninayenunua asali kwake, kule Nessuit, aliwahi kunionyesha mzinga wake: gogo la mtarakwa lililopasuliwa kati, likachongwa ndani, likafungwa tena tayari kutundikwa juu mtini. Akanieleza kwamba zamani kila ukoo ulikuwa na ukanda wake wa msitu, kutoka chini hadi juu mlimani, kwa kuwa miti ya chini na ya juu haichanui pamoja na mwenye mizinga hufuata maua. Mti wa asili ukianguka, asali imepungua. Saiprasi zilizopandwa mahali pake hazina maua ya kumlisha nyuki.

Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, kule Arusha, iliamua tarehe 26 Mei 2017 kwamba Waogiek walionewa kwa kufukuzwa Mau. Ilisema pia kwamba si wao walioumaliza msitu. Ilitaja watu wengine waliouvamia msitu, ardhi ya msitu iliyogawanywa na serikali, na vibali vya kukata miti. Tarehe 23 Juni 2022 ikaamuru walipwe fidia ya zaidi ya Sh157 milioni, ardhi yao ipimwe, na wapewe hati ya pamoja, yaani ya kumiliki ardhi kama jamii nzima, ndani ya miaka miwili. Badala yake, Novemba 2023 nyumba zao zilibomolewa Sasimwani, upande wa Narok. Watoto walilala nje kwenye baridi ya Mau, na anayeijua baridi hiyo hahitaji kuelezwa.

Najua nitajibiwa kwamba Waogiek wa leo wanalima viazi na kufuga ng'ombe, na kwamba wengine waliuza mashamba. Ni kweli. Lakini mtu anayengoja kufukuzwa mwaka baada ya mwaka atatunzaje mtarakwa ambao ni wajukuu watakaoutumia? Hati ya pamoja ndiyo dawa hapo. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016, mtu mmoja hawezi kuiuza ardhi hiyo kisirisiri. Lazima thuluthi mbili ya wanajamii watu wazima waliosajiliwa wakubali.

Nawaomba wabunge wa Nakuru na Narok waulize Bungeni, kwa maneno ya wazi, kazi ya kupima mipaka itaanza tarehe gani. Na kabla malori hayajapita tena, wanaopanga upanzi waende Nessuit na Mariashoni wakaketi na wazee. Wawaulize ni mti gani uliota wapi, mtarakwa, podo au mzeituni mwitu, na mbegu zake huiva lini. Vijana wa huko walipwe kuziokota, kuziotesha na kuilinda miche miaka yote inayohitajika.

Mkulima wa mboga,
Njoro, Kaunti ya Nakuru