Tusimhukumu mtoto kwa idadi ya vikombe

Mhariri,

Wazazi wengi huchapa kwa kutazama hasara, si nia. Jean Piaget, mwanasaikolojia wa Uswisi aliyechunguza fikra za watoto, aliwasimulia watoto habari za wawili: mmoja kafungua mlango, akaangusha vikombe 15 bila kujua, mwingine kavunja kimoja akidokoa jamu. Watoto wa miaka 6 hivi walimwona wa vikombe 15 ndiye mkosaji zaidi. Wakubwa wa miaka 9 au 10 walitazama nia.

Ukimchapa kwa sahani iliyomponyoka, unamrudisha kwenye kuhesabu vigae, na kesho atavificha uvunguni. Muulize kwanza, "Ulikuwa unafanya nini?" Mwache amalize, hata akibabaika. Kisha mfagie pamoja, vigae vikali uokote wewe. Aliyedokoa amwombe radhi mwenye jamu, siku hiyohiyo.

Mwalimu wa chekechea,
Tanga