Kadi ya kipande nayo ni historia ya Tanga

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako ili niwaombe wakazi wenzangu wa Tanga jambo moja kuhusu Makumbusho ya Urithi Tanga, yaliyomo katika Boma la Kale la Wajerumani na yanayotegemea juhudi za wananchi wanaojitolea.

Vitabu vimekwisha kutueleza kwamba reli ya Usambara ilianza kujengwa hapa mwaka 1893, na kwamba mwaka huohuo Richard Hindorf aliingiza miche ya mkonge kutoka Florida, ikasalimika 62 tu. Kisichoandikwa vya kutosha ni maisha ya manamba, yaani vibarua wa mkataba, waliokata mkonge huo, ya mafundi wa korona, ile mashine ya kutoa nyuzi kwenye majani ya mkonge, na ya wanawake waliolea watoto katika kambi za mashamba. Kumbukumbu zao zimo masandukuni mwetu: kadi ya kipande iliyohesabu siku 30 za kazi, picha ya harusi, panga lililoliwa na kutu.

Vitu hivyo vikifikishwa makumbusho bila maelezo, hata mtu wa kujitolea mwenye moyo mkubwa hawezi kuvisemea. Kwa hiyo anayepeleka kitu afuatane, ikiwezekana, na mzee anayekijua, na iandikwe kilikuwa cha nani, kilitumika wapi na lini. Nyuma ya picha yaandikwe machache kwa penseli laini, si kwa kalamu ya wino, kwani wino hupenya. Wala picha ya zamani isipigwe lamineti, maana haibanduki tena bila kuharibika. Unyevu wa pwani yetu na ukungu wake vinatosha kuwa adui.

Wapo wanaohofia kwamba mali ya marehemu wao itapotea, na naona hofu hiyo ni ya haki. Picha inaweza kunakiliwa na kurudishwa nyumbani siku ileile. Kinachobaki kiandikiwe hati yenye saini za pande zote mbili, ikisema wazi kama kimetolewa au kimeazimwa. Halmashauri nayo ibebe gharama za matengenezo ya jengo, kwa sababu paa na kuta za boma si mzigo wa watu wasiolipwa.

Mkonge wetu ulifikia kilele katika miaka ya 1960. Aliyekuwa kijana kwenye korona mwaka 1964 sasa amevuka miaka 75. Nawaomba wajukuu wa wazee hao wawaulize na kuandika majibu yao sasa, kabla hata ya kufungua sanduku.

Mkazi wa Ngamiani,
Tanga